Panya mzima hana donda ndugu: jinsi ya kuandaa mnyama kwa utafiti wa vidonda visivyopona

Mama yangu mkubwa alikaa na kidonda cha unyayo miezi 14. Kilianza na kokoto iliyoingia kwenye ndala. Kisukari kilikuwa kimeshamtia ganzi miguuni, kwa hiyo alitembea na ile kokoto kutoka shambani hadi nyumbani bila kuisikia, na jioni alipovua ndala ndipo akaona damu. Kilosa nzima walijua jina lake: donda ndugu. Kikaoshwa, kikafungwa, kikapakwa asali, kikanyunyiziwa unga wa vidonge, na mwishowe akakatwa mguu chini ya goti.

Wakati huo nilikuwa na miaka mitatu kazini, fundi sanifu wa nyumba ya wanyama wa maabara hapa Morogoro. Karibu kila muhula alikuja mwanafunzi na dawa yake ya vidonda: majani ya mti huu, gome la mti ule, asali ya nyuki wadogo. Alimkata panya mzima mgongoni, akapaka, na siku ya 12 akafurahi kuona kidonda kimefunga. Nikawa najiuliza, kama zote hizi zinaponya, mbona cha mama mkubwa hakikupona? Ilinichukua muda kuelewa. Panya mzima hana donda ndugu. Mkate, umpake dawa au usimpake, atapona tu. Kazi ya kwanza ya utafiti huu ni kumtengenezea mnyama kidonda kinachokataa kupona, tena kikatae kwa sababu zinazofanana na zile za binadamu. Dawa inakuja baadaye.

Nakuandikia wewe unayeanza, hasa mwanafunzi wa uzamili mwenye bajeti ndogo na panya wa Wistar, wale panya wakubwa weupe wa maabara. Miaka 11 nimewashika panya hawa, na makosa mengi nitakayokueleza nimeyafanya kwa mikono yangu.

Chagua sababu moja ya kuiga

Donda ndugu la binadamu hubeba mizigo mingi kwa pamoja: sukari, damu isiyofika vizuri, mgandamizo wa kulalia upande mmoja, vena za miguu zilizochoka, umri, na bakteria waliojijengea utando juu ya nyama. Hakuna mnyama anayebeba yote hayo. Amua mapema ni mzigo upi unaouchunguza, kwa sababu kila mmoja una mnyama wake.

Anayechunguza damu isiyofika hutumia sikio la sungura. Njia hiyo ilielezwa mwaka 1990: katika mishipa mitatu ya damu inayolisha sikio, miwili hufungwa, kisha vidonda vidogo hutobolewa hadi kwenye gegedu. Gegedu lile huishikilia ngozi isijivute, na hilo ni jambo kubwa kama utakavyoona. Anayechunguza vidonda vya mgandamizo huinua kunjo la ngozi ya mgongo na kulibana kati ya sumaku mbili kwa saa kadhaa, huachia, kisha hubana tena; ngozi huumia kwa kukosa damu na huumia tena damu inaporudi. Wa bakteria huweka Pseudomonas aeruginosa au Staphylococcus aureus na kusubiri wajenge utando ndipo aanze tiba.

Nguruwe ndiye mwenye ngozi iliyo karibu zaidi na yetu. Haina manyoya mengi, imeshikamana na nyama iliyo chini, na hupona kwa kuota ngozi mpya kama yetu. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2001 yalilinganisha matokeo ya wanyama na ya binadamu: nguruwe walikubaliana na binadamu kwa asilimia 78, wanyama wadogo asilimia 53. Namba hiyo ya 53 ningependa uiandike ukutani. Ila nguruwe anataka banda, mtaalamu wa nusukaputi na chakula cha wiki nyingi, na wengi wetu hatuna. Kama unaye nguruwe, mtumie mwishoni, baada ya panya kukuambia kwamba dawa yako inastahili gharama hiyo.

Kuna pia panya wadogo wanaozaliwa na kasoro, wale wanaoitwa db/db, waliogunduliwa mwaka 1966 katika Jackson Laboratory kule Bar Harbor, Marekani. Kipokezi chao cha leptini, homoni ya kuleta shibe, kimeharibika, hivyo hula bila kushiba, hunenepa na kupata kisukari kinachofanana na cha aina ya pili. Vidonda vyao huchelewa sana. Kwa anayeweza kuwaagiza ni wanyama wazuri sana. Huku kwetu, wengi tunabaki na panya mkubwa mweupe na streptozotosini, dawa ya kumtia kisukari, na humo ndimo nitakamokaa.

Kibali kwanza

Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, na chuo chako kina kamati ya maadili. Usimguse mnyama kabla ya barua. Kamati itakuuliza mambo matatu ambayo wanasayansi Russell na Burch waliyaandika tangu 1959: je, unaweza kutumia kitu kingine badala ya mnyama? Je, unaweza kutumia wachache zaidi? Je, unaweza kuwapunguzia mateso? Uwe na majibu ya kweli. Ukiulizwa kwa nini panya 32 na si 20, onyesha hesabu, usiseme tu kwamba kaka zako waliotangulia walitumia 32. Andika pia, kabla ya kuanza, ni hali gani itakayokufanya umtoe mnyama kwenye jaribio na kumuua bila maumivu. Sisi tuliandika: uzito ukishuka kwa asilimia 20, au akiacha kunywa, au akijikunyata kwenye kona bila kugeuka kizimba kinapofunguliwa.

Kumpa panya kisukari

Streptozotosini hutokana na bakteria wa udongoni, Streptomyces achromogenes, na ilishatumika kutibu uvimbe wa saratani wa kongosho. Ina umbo linalofanana na glukosi, ndiyo maana seli za kongosho zinazotengeneza insulini huifungulia mlango. Ikishaingia huharibu DNA yake, na seli hufa. Ni sumu kwako pia. Vaa glavu mbili na barakoa, ipime ndani ya kabati lenye kivuta hewa, na maranda ya kizimba ya siku za mwanzo yatupe kama taka hatari maana dawa hutoka na mkojo.

Dozi ya kawaida kwa panya mkubwa ni sindano moja ya miligramu 50 hadi 65 kwa kila kilo ya uzito. Sisi tulitulia kwenye 55. Tumia madume wa gramu 200 hadi 250. Majike hustahimili dawa hii kuliko madume, na ukiwachanganya utapata kundi lisiloeleweka. Wanyime chakula saa sita, maji wape. Wapime uzito asubuhi ile ile, si wa juzi.

Sasa sikiliza vizuri hapa. Streptozotosini huharibika haraka sana ikishayeyuka. Andaa bafa ya sitrati (kimiminika kinachoshikilia kiwango cha asidi) yenye pH 4.5, iweke kwenye barafu, na yeyusha dawa ya panya wachache tu kwa mara moja. Ifunike bomba kwa karatasi ya alumini isipigwe na mwanga, na imalize ndani ya dakika 10 hadi 15. Mtu mmoja ashike panya, mwingine achome, wa tatu ayeyushe inayofuata. Choma ndani ya tumbo, chini upande wa kulia, ili usitoboe utumbo mpana.

Katika maabara niliyoanzia kazi, umeme ulikatika usiku na friza ikazimika. Asubuhi mtu akaiwasha, hakuandika popote. Wiki iliyofuata tulichoma panya 24; waliopanda sukari walikuwa 7. Wale 17 waliteseka kwa sindano isiyokuwa na faida kwa mtu yeyote. Hadi leo naweka kipande cha barafu kwenye kikombe ndani ya friza, na sarafu juu yake. Nikikuta sarafu imezama, najua friza iliyeyuka na dawa haitumiki.

Usiku wa kwanza ndio unaoua. Seli za kongosho zinapopasuka humwaga insulini yote iliyokuwa ndani kwa mkupuo, na sukari ya panya huporomoka kabla ya kupanda. Mrudishie chakula na uweke maji yenye sukari asilimia 10 kwa saa 24 hadi 48. Wanafunzi husahau hatua hii kisha wanasema dozi ilikuwa kali.

Baada ya saa 72 chukua tone la damu kwenye mkia, upime kwa mashine ile ile wanayotumia wagonjwa nyumbani. Rudia baada ya wiki, kwa kuwa wapo wanaopanda kisha wakashuka. Kikomo chetu ni miligramu 250 kwa desilita, sawa na milimoli 13.9 kwa lita. Wengine huweka 300. Chagua kimoja kabla ya kuchoma, ukiandike. Mwandalie panya mkono mtulivu, mzoeshe kushikwa wiki nzima kabla, maana hofu pekee hupandisha sukari. Na usipime kamwe baada ya kumpa zailazini, dawa ya usingizi inayozuia insulini kutoka. Namba utakayopata ni ya dawa.

Mwenye sukari iliyopanda leo hajawa mgonjwa kama mama mkubwa wangu aliyeishi nayo miaka. Ngozi, mishipa midogo na neva zinahitaji muda kuharibika. Wengine hukata kidonda baada ya wiki moja. Mimi nasubiri angalau wiki nne, na tofauti unaiona kwa macho: manyoya hupoteza mng'ao, ngozi huwa nyembamba kama karatasi ya sigara. Anayekonda kupita kiasi mpe insulini kidogo sana ya kumshikilia asife, bila kumrudisha kwenye sukari ya kawaida.

Katika wiki hizo kazi kubwa ni maji na maranda. Panya hawa hunywa na kukojoa usiku kucha. Tulikuwa tukijaza chupa mara mbili na kubadilisha maranda kila siku, Jumapili pamoja na sikukuu. Ukiacha kizimba kimelowa, utapata vidonda vya tumboni na miguuni ambavyo hukuvipanga, na bakteria watakaoingia kwenye kidonda chako cha utafiti.

Pete ya silikoni

Umewahi kumtazama ng'ombe inzi anapomtua ubavuni? Ngozi hutikisika pale pale, mwili wote umetulia. Chini ya ngozi yake kuna tabaka la msuli mwembamba. Panya anao pia, mwili mzima, na sisi binadamu tumebaki nao kidogo tu, kama shingoni. Kwa sababu ya msuli huo na ngozi iliyolegea, panya hufunga kidonda kwa kuvuta kingo zake, kama mdomo wa mfuko wa kamba. Sisi hujaza shimo kwa nyama changa nyekundu, kisha ngozi mpya hutambaa juu yake. Ndiyo maana wale wanafunzi wa siku ya 12 walifurahi bure: walikuwa wanapima mvuto wa msuli.

Dawa yake ni pete. Njia hii ilielezwa kwa panya wadogo mwaka 2004. Unakata pete kutoka karatasi ya silikoni, nene nusu milimita kwa panya mdogo na zaidi kidogo kwa mkubwa, unaibandika kuzunguka kidonda na kuishona. Kingo haziwezi kujivuta, hivyo kidonda hulazimika kupona kama chetu.

Nyoa mgongo siku moja kabla, ili wekundu wa wembe utulie. Siku yenyewe, mlaze kwa ketamini na zailazini, paka mafuta ya macho kwa sababu atalala macho wazi, na mweke juu ya chupa ya maji ya uvuguvugu iliyofungwa taulo. Hata kwa joto la Morogoro panya aliyelala hupoa haraka, na mwenye kisukari hupoa zaidi.

Chagua sehemu kati ya mabega, ambako mdomo wake haufiki. Kwa kile kifaa cha duara cha kutobolea ngozi, chora alama ya milimita 8 kisha kata kwa mkasi hadi chini ya ule msuli mwembamba. Tundu la pete liwe pana kuliko kidonda kwa milimita 2 kila upande. Gundi iwe kidogo, mbali na kingo; ikigusa kingo utakuwa umetengeneza kidonda cha gundi. Kisha shona mafundo 8, kila moja peke yake, ukianza na saa 12, saa 6, saa 3 na saa 9 kama uso wa saa, halafu ya katikati. Kila fundo lishike ngozi kweli. Pete iliyoshikwa na gundi pekee huachia siku ya tatu au ya nne. Funika kwa plasta nyembamba ya kuona ndani.

Kabla hajaamka mpe buprenofini, dawa ya kutuliza maumivu, na urudie kila saa 8 hadi 12 kwa siku mbili. Usitumie dawa za jamii ya diklofenaki: huzuia uvimbe wa mwanzo, na uvimbe huo ndio mlango wa kupona unaoutafiti. Kila panya akae kwenye kizimba chake. Wakikaa wawili, mmoja atatafuna pete ya mwenzake.

Kagua pete kila siku. Ikichomoka fundo moja, shona tena siku hiyo hiyo chini ya dawa ya usingizi. Ikichomoka nusu, panya huyo anatoka kwenye hesabu, hata kama ndiye aliyepona vizuri kuliko wote kwenye kundi la dawa yako. Hasa akiwa yeye.

Makundi na dawa

Nataka uwe na makundi manne: wenye kisukari wanaopata dawa yako, wenye kisukari wanaopata mafuta matupu yaliyobeba dawa hiyo, wenye kisukari wanaopata tiba inayojulikana, na wazima wanaopata mafuta matupu. Kundi la mwisho ndilo litakalothibitisha kwamba wagonjwa wako kweli wanachelewa kupona. Bila tofauti hiyo huna donda ndugu, na sehemu nyingine yote ya jaribio haina maana. Wagawe kwa kura, na anayepima asijue nani ni wa kundi gani. Mimi huweka herufi kwenye vikopo vya dawa na orodha naifungia kabatini.

Jambo moja linawanasa wanaotumia miti shamba. Panya akimeza dawa, kwa kujikuna na kulamba kucha au kwa kutafuna plasta, huenda mti huo ukashusha sukari kwa njia ya tumbo. Kidonda kitapona kwa sababu sukari imeshuka, nawe utaandika kwamba mti unaponya vidonda ukipakwa. Pima sukari kila wiki hadi mwisho, katika makundi yote.

Ukiweka vidonda viwili kwenye panya mmoja, bado una panya mmoja. Vidonda hivyo vinashiriki damu moja na sukari moja. Nimeona tasnifu yenye panya 6 ikihesabiwa kuwa 12, na msimamizi wa nje aliigundua kwenye ukurasa wa tatu.

Kupima

Piga picha siku ya 0, 3, 7, 10, 14 na 21, kamera ikiwa kwenye stendi, rula ndogo kando ya kidonda, taa ile ile. Zungushia kingo kwenye ImageJ, programu ya bure. Toa eneo la leo kwenye eneo la siku ya 0, gawanya kwa eneo la siku ya 0, zidisha kwa 100. Hiyo ndiyo asilimia iliyofunga. Usibandue gaga ili upige picha safi, utang'oa ngozi mpya iliyo chini yake.

Picha pekee hazitoshi. Panga tangu mwanzo panya wa kuuawa katikati, tuseme siku ya 7, na wengine mwishoni, ili uione nyama yenyewe kwa darubini: nyama changa imejaa kiasi gani, mishipa midogo mingapi imeota, kolajeni, zile nyuzi zinazoipa ngozi nguvu, imejipanga au imetawanyika, na ulimi wa ngozi mpya umetambaa umbali gani kutoka kila ukingo. Nafasi iliyobaki kati ya ndimi mbili hizo ndicho kipimo ninachokiamini kuliko vyote.

Katika ripoti yako andika na yasiyofanana. Panya wako ni kijana, hakanyagi kidonda chake, na amekuwa nacho wiki tatu. Viini vingi vya ukuaji (protini zinazochochea seli kukua) vilivyoponya vidonda vya wanyama havikufua dafu kwa wagonjwa. Bekaplemini, iliyofanya kazi kwa panya wa db/db na kuruhusiwa Marekani mwaka 1997 kwa vidonda vya miguu ya wenye kisukari, ni mojawapo ya viini vichache vilivyovuka. Mwenye mama mkubwa kama wangu akisoma kazi yako gazetini, asidhani dawa iko tayari dukani.

Unapokata nyama kwa ajili ya darubini, chukua kidonda kizima pamoja na ngozi isiyo na jeraha pande zote mbili, kilaze bapa juu ya kipande cha karatasi ngumu kabla ya kukiweka kwenye fomalini ili kisijikunje, na baada ya siku moja kikate katikati kabisa, si pembeni. Ukikata pembeni kidonda kitaonekana kidogo kuliko kilivyo. Andika namba ya panya kwa penseli. Wino wa kalamu huyeyuka kwenye alkoholi, na utabaki na visanduku 32 vya nyama usivyojua ni vya nani.